Filamu ya Pili ya Nchi Haijafika Mbamba Bay

Jioni moja nikiwa Mbamba Bay niliingia katika kibanda umiza kilichokuwa karibu na mwalo. Vijana walikuwa wamejazana juu ya mabenchi, wengine wakinukia dagaa waliokuwa wamewaanika mchana, na kwenye runinga ilikuwa ikionyeshwa ile sehemu ya pili ya Black Panther iliyotoka mwaka 2022. Juu ya sauti za waigizaji ilikuwepo sauti ya mtafsiri wetu, kwa ule mtindo ambao Lufufu aliufanya kuwa kazi kamili nchini mwetu. Nilimwuliza kijana aliyekuwa kando yangu, ya kwanza na hii ipi ilikuwa kali zaidi. Alijibu bila kugeuka: "Mwalimu, ya kwanza. Humu yule jamaa hayupo."

Jibu lake lilikuwa fupi, nalo lilikuwa sahihi. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, na waliotengeneza sehemu ya pili walilazimika kuandika hadithi ya msiba. Sehemu ya kwanza, ya mwaka 2018, ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 katika majumba ya sinema duniani. Ya pili ilipata pungufu ya bilioni moja. Hata hivyo si kifo peke yake kilichopunguza mvuto. Mara ya kwanza watu walishangaa kuona ufalme wa Kiafrika ambao haukuwa umetawaliwa na mgeni, na mshangao wa namna ile huja mara moja tu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakutuachia methali ya kusifu unyemi wa mara ya pili.

Naandika haya kwa sababu nchi yetu nayo imecheza filamu, na imecheza sehemu ya pili. Sisi tunaosoma, tunaofundisha na tunaofanya kazi katika ofisi za umma tuna wajibu wa kuuliza swali alilolijibu kijana yule: ile ya pili imebeba nini ambacho ya kwanza haikukibeba?

Aprili 2022, jijini New York, ilizinduliwa The Royal Tour. Humo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwongoza watalii, na mgeni wake alikuwa mwandishi wa Kimarekani Peter Greenberg. Tulionyeshwa Zanzibar, Bagamoyo, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mvuto wa filamu ile haukutokana na tembo wala theluji, kwa kuwa hao na hiyo vimepigwa picha tangu enzi za babu zetu. Ulitokana na mwongozaji. Ulimwengu ulimwona mwanamke, mkuu wa nchi, akiwa dereva wa mgeni wake na akimsimulia nchi yake kwa sauti ya mwenyeji. Tulikuwa ndio kwanza tunatoka katika miaka ya UVIKO-19 na ya mlango uliofungwa nusu, na filamu ile ilikuwa kama mtu anayefungua dirisha.

Miaka miwili baadaye, Mei 2024, ilizinduliwa Beijing filamu iitwayo Amazing Tanzania. Safari hii Rais alikuwa pamoja na Rais wa Zanzibar, Dkt. Hussein Ali Mwinyi, na mgeni alikuwa mwigizaji mashuhuri wa Kichina, Jin Dong. Lengo lilikuwa wazi na halina aibu: soko la China ni kubwa, na mfanyabiashara hujenga kibanda chake penye watu. Lakini kwa hadithi yenyewe tulibaki na mgeni mwingine, lugha nyingine, na mwenyeji yuleyule.

Watetezi wa filamu hizi hutaja takwimu, na takwimu ni nzuri. Watalii wa kimataifa waliongezeka kutoka takriban 923,000 mwaka 2021 hadi milioni 1.45 mwaka 2022, milioni 1.8 mwaka 2023, na zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Sina nia ya kuwanyang'anya sifa waliofanya kazi. Ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetuuliza: kabla ya janga palikuwaje? Mwaka 2019 tulikuwa tumekwisha kupokea watalii zaidi ya milioni 1.5, kisha 2020 wakaporomoka hadi kama 621,000. Maana yake mwaka wa filamu yenyewe tulikuwa bado tunapanda ngazi tuliyokwisha kuipanda, pamoja na dunia nzima iliyokuwa imefunguliwa. Kutoka 2023 tumeipita ile alama ya zamani, na hapo filamu inastahili sehemu yake ya shukrani. Sehemu, si yote.

Filamu ya nchi ina jambo jingine ambalo ya Hollywood haina. Huwezi kuizuia isiendelee yenyewe mitaani. Juni 2022, majuma machache tu baada ya uzinduzi, dunia ilitazama picha za Loliondo: vigingi vya mpaka wa eneo la kilomita za mraba 1,500, askari, wafugaji waliojeruhiwa, polisi aliyeuawa, na Wamaasai waliovuka kwenda Kenya. Hiyo ilikuwa sehemu ya pili ambayo hakuna aliyeiandikia mswada. Aliyekuwa ameona ukarimu wa mwenyeji katika filamu aliuliza kwa haki kama ukarimu ule unawafikia na walioikuta Serengeti ikiwa nyumbani kwao.

Je, sehemu ya pili ya filamu inaweza kurudisha ladha ya ile ya kwanza? Inaweza, lakini kwa njia moja ninayoijua. The Godfather ya pili, ya mwaka 1974, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora kama ile ya kwanza, kwa sababu haikurudia karamu ileile kwa nguo mpya. Ilirudi nyuma ikatusimulia utoto na ujana wa baba ambao ya kwanza ilikuwa imeuruka. Kinyume chake tunakijua vizuri katika Bongo Movie: hadithi moja ilikatwa katikati ikauzwa kwa santuri mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mnunuzi akalipa mara mbili kwa kisa kimoja. Kwa hiyo kipimo ni hiki: sehemu ya pili inayostahili jina hilo husimulia kilichoachwa. Isiyostahili hukata kilekile vipande viwili.

Na kilichoachwa ni kingi. Kwa mfano nauchukua mwambao huu ninaoufahamu.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ukitoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na siku hizi ni lami tupu inayoshuka milima ya Umatengo kwa kona zinazomfanya abiria anyamaze. Kabla ya kushuka utaona kitu ambacho hakimo katika filamu yoyote ya Ikulu: ngoro. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa kupanga majani katika miraba, kuyafunika kwa udongo, na kuacha mashimo katikati yanayonasa maji ya mvua. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Mfumo huo umehifadhi udongo kwa vizazi, na wanasayansi wa kilimo wametoka mbali kuja kujifunza hapa. Mkulima wa ngoro mwenyewe, ambaye pia ndiye mwenye kahawa ya Mbinga, hajawahi kuulizwa na kamera ya taifa anavyofanya.

Chini kuna ziwa. Lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani penginepo duniani, na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanawajua kwa majina. Wanawajua, lakini kama samaki wa Ziwa Malawi. Wenzetu wa ng'ambo waliitangaza sehemu yao mapema, na hifadhi yao ya ziwa imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1984. Wanadiplomasia wetu wamebishana nao miaka mingi kuhusu mpaka unapita wapi juu ya maji. Katika ubishi wa nani anayelisimulia ziwa, sisi hatujafungua kinywa.

Kisha kuna Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba uliowakumbusha sanamu ya Misri. Hapo, Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa swahiba wa Rhoades na mara nyingi walikunywa pamoja. Hakuwa na habari kwamba Ulaya imeingia vitani, akapiga makasia hadi kwenye meli ya rafiki yake akiwa amefura kwa hasira, akitaka kujua ana wazimu gani. Alijibiwa kwamba yeye sasa ni mateka. Wako wanaolihesabu tukio hilo kuwa pambano la kwanza la majini katika vita vile.

Nalo lilikuwa na sehemu ya pili. Mei 1915 Waingereza walirudi palepale, wakashusha askari nchi kavu, na safari hii hapakuwa na kichekesho.

Tazama tofauti. Vita vya Ziwa Tanganyika vilizaa riwaya ya Forester mwaka 1935, na filamu ya The African Queen mwaka 1951 ikiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Meli ya Kijerumani ya huko, ambayo leo ni MV Liemba, inatajwa na wageni kwa sababu ya hadithi ile. Liuli ina kisa kisichohitaji kuongezwa chumvi, lakini haina hata filamu ya nusu saa. Na kama ingetengenezwa leo, nina hakika wangesimuliwa manahodha wawili tu. Wapagazi, mabaharia weusi, na wanakijiji waliosikia mizinga wakakimbilia vichakani wangebaki kuwa mandhari.

Lakini wao hawakukubali kuwa mandhari. Walitazama gwaride la wakoloni, wakalichukua, wakalifanya ngoma. Mganda, unaochezwa huku na ng'ambo ambako huitwa malipenga, una mistari iliyonyooka, mavazi meupe, na vyeo. Ulitokana na beni ya pwani, na beni ilitokana na bendi za kijeshi. Ni mwigo wa mwigo, na bado anayeutazama Liuli siku ya sikukuu hamkumbuki afande yeyote wa Kizungu. Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Wazee wetu waliweza kuitengeneza sehemu ya pili iliyoizidi ya kwanza, kwa kuwa waliweka ndani yake maisha yao wenyewe.

Najua hoja itakayoletwa mezani. Ofisa mmoja aliwahi kuniambia kwa upole: "Ndugu mwalimu, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kusini kukiwa kuzuri, watalii watakuja wenyewe." Methali ni nzuri, ila inamhusu muuzaji ambaye tayari ana meza sokoni. Kwa miaka mingi kufika Mbamba Bay kulikuwa adhabu. Mvua ikinyesha gari lililala njiani. Sasa lami ipo na bandari inajengwa. Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanajua njia ya kwenda Mtwara. Ikiwa makaa yamepata njia ya kutoka, hadithi nayo itafutiwe ya kwake.

Iko hoja nyingine ambayo mimi mwenyewe naiogopa zaidi, nayo ni ya wanaharakati. Wanasema: msiilete kamera, kwa maana nyuma ya kamera huja mnunuzi wa ufukwe. Hawakosei. Fukwe za Nyasa ni nyeupe na tulivu, na kwa sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji. Lakini sheria iliyolala kabatini haimlindi mvuvi anayekuta uzio mahali alipokuwa akianika dagaa. Kwa hiyo naomba mpangilio ugeuzwe. Vijiji vipimwe, mialo ya wavuvi na njia za kufikia maji ziandikwe katika mipango ya matumizi ya ardhi, na wanakijiji wazisome nyaraka hizo kwa sauti katika mikutano yao. Kamera ije baada ya hapo. Loliondo imetufundisha gharama ya kutanguliza uzinduzi.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, haya hayahitaji bajeti ya New York wala Beijing. Halmashauri ina maofisa utamaduni, na wilayani wapo wazee wanaokumbuka simulizi za Liuli walizopewa na wazazi wao. Wazee hao hawatatusubiri. Kinasa sauti na mwezi mmoja wa posho ndogo vingeokoa kile ambacho hakuna mwongozaji wa filamu atakayeweza kukibuni baadaye. Kwa wanafunzi wangu nasema hivi: tasnifu yako isiishie maktaba. Nenda ukarekodi.

Nilipotoka katika kile kibanda usiku ule, nilimwuliza tena yule kijana: ingetengenezwa filamu ya hapa Nyasa, angelipa shilingi ngapi kuitazama? Alicheka, akasema: "Mwalimu, hiyo nitalipa hata mara mbili. Lakini awepo na babu yangu." Babu yake, alinieleza tukitembea gizani kuelekea barabarani, alikuwa mpiga ngoma kubwa ya mganda.