Habari za Shamba: Majani Yapandwayo Ili Yafukiwe

Mwalimu mmoja wa upande wa Peramiho ameniuliza hivi: «Shamba langu la mahindi limechoka. Majani yageuka manjano kabla ya kubeba, na fedha ya mbolea ndiyo hiyo hiyo ya sare na madaftari ya watoto. Nifanyeje?» Swali hili nyumba nyingi za Songea zalijua. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda mno duniani, hata Serikali ikafungua mpango wa ruzuku siku ya Nanenane huko Mbeya. Ruzuku ni msaada mwema, nayo yafaa kujiandikisha. Walakini mtu ategemeaye mfuko peke yake, mfuko usipofika hana la kufanya.

Basi nimkumbushe jambo lililo karibu naye. Wabenedikti wa Peramiho walieneza mmea uitwao marejea, na mmonaki Gerold Rupper aliandika habari zake katika miaka ya 1980. Marejea ni ya jamaa ya kunde na maharage, yenye maua ya manjano. Ng'oa mche mmoja, utaona mizizini vinundu vidogo. Ndani yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huitwaa nitrojeni iliyo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Nitrojeni hiyo ndiyo tuinunuayo katika mfuko wa yurea. Kipasue kinundu kwa ukucha: ukikiona chekundu ndani, jua ya kuwa kazi yaendelea.

Tena marejea hukua upesi na kufunika ardhi, magugu yakakosa jua. Huko Kyela, wakulima wa mpunga wa nchi kavu waliyajaribu pamoja na wachunguzi, wakaona hata kiduha kikipungua, yaani gugu lile linyonyalo mizizi ya mpunga na mahindi.

Mvua zikishika, tifua ardhi, panda. Yakianza kuchanua, yakate, uyafukie. Hapo ndipo penye makosa. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilikawia, nikisema yazidi kunenepa kwanza. Mashina yakawa kama kuni, jembe likaruka, wanangu wakacheka. Na mahindi yaliyofuata yalidhoofu, maana vijidudu viozeshavyo mabua magumu huila kwanza nitrojeni ya udongo.

Mama wa nyumba atauliza kwa haki: mwaka huo tutakula nini? Kwa hiyo usipande shamba zima. Ligawe mafungu manne, fungu moja lipate marejea kila mwaka kwa zamu. Wengine huyapanda katikati ya mahindi yaliyokwisha kupata nguvu. Nayo ni njia nzuri, ila ukiyawahisha yatashindana na mahindi. Wala marejea hayaleti kila kitu. Fosiforasi haimo hewani. Ikipungua sharti iletwe kwa samadi, au kwa mbolea ya dukani kidogo.

Wala tusidhani kwamba kufukia majani ni akili ya ng'ambo. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga hufyeka nyasi mlimani, huzipanga miraba miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Hivyo hupatikana mashimo yaitwayo ngoro: maji ya mvua hutuama humo yasiuchukue udongo bondeni, na nyasi zikioza chini ya matuta hulisha maharage, na baadaye mahindi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikwenda kujifunza kazi hiyo katika miaka ya 1990. Nasi tulio karibu, ni wangapi tumepanda mlima kwenda kuitazama?

Mwalimu, usisahau mbegu. Acha mstari mmoja ukomae. Ukitikisa maganda na kusikia mbegu zikilia ndani, yachume asubuhi, kabla jua halijayapasua.