Seli moja ikifa, utatupa betri nzima?

Wadau, mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi. Tangu hapo stori za magari ya umeme ni zile zile: linakwenda kilomita ngapi, linachajiwa saa ngapi. Mimi swali langu ni jingine. Betri ikichoka, fundi ataanzia wapi?

Kwanza tuelewane. Tunasema "betri" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni ngazi tatu. Ya chini ni seli, ndiyo inayotunza umeme wenyewe, volti tatu na kitu tu. Seli kadhaa zikifungwa pamoja unapata moduli. Moduli nyingi, ongeza nyaya, kompyuta ndogo ya kuzisimamia na boksi gumu, hiyo ndiyo pakiti, lile jidude zito linalokaa chini ya sakafu ya gari.

Chukua Nissan Leaf ya kwanza, ya 2010. Pakiti yake ya kWh 24 ina moduli 48, kila moja seli 4. Jumla seli 192. Tesla Model S ya 2012, ile ya kWh 85, ilikwenda njia nyingine: seli zaidi ya 7,000 za duara, saizi ile ile iliyokuwa ndani ya betri za laptop, zimegawanywa kwenye moduli 16.

Kwa nini ujali? Kwa sababu seli zimeungwa kama mnyororo, na iliyo dhaifu ndiyo inayoamua. Ikiishiwa, kompyuta inakata umeme hata kama wenzake bado wana nguvu. Kwenye Leaf, fundi aliyesomea anaweza kufungua pakiti, akatafuta moduli mbovu na kuweka nyingine inayolingana nayo. Nasisitiza aliyesomea, maana hapo kuna volti zaidi ya 300. Inaua.

Sasa ngoma iko hapa. Mwaka 2020 BYD walileta betri ya Blade: seli ndefu bapa zinapangwa moja kwa moja ndani ya pakiti, ngazi ya moduli imerukwa. Mwaka 2022 Tesla nao walitoa Model Y za Texas ambazo seli zake zimegandishwa kwa povu gumu. Faida ipo, tusidanganyane: nafasi haipotei bure na gharama inashuka. Lakini seli moja ikifa, hakuna moduli ya kuchomoa.

Nani atalipa? Mwenye gari jipya ana garantii ya betri, mara nyingi miaka 8. Kenya nayo inaruhusu mtumba usiozidi miaka 8. Piga hesabu mwenyewe: BYD walianza kuuza magari ya abiria Japani mwaka 2023. Ikifika 2031, garantii za namna hiyo zinaisha wakati huo huo sisi tunayapokea bandarini!

Maoni yangu: serikali zetu zidai gari liletwe na cheti cha afya ya betri, na watengenezaji watoe miongozo ya ufundi kwa vyuo vyetu. Na wewe unayetafuta gari, usiulize kilomita tu. Uliza pakiti ina moduli au haina.

Naomba kuwasilisha. Wadau mnasemaje?