Mche wa mchikichi uuzwe na wazazi wake

Mkulima wa Rumonge, Burundi, anayenunua mche wa mchikichi hana namna ya kuuhakiki. Kitaluni miche yote hufanana. Tofauti hujitokeza miaka 3 au 4 baadaye, mkungu wa kwanza unapoiva na tunda kupasuliwa kwa kisu. Wakati huo mti umeshashika nafasi yake, na unaweza kuishika kwa miaka 25 au zaidi. Kwenye ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kuanzia Minago hadi Nyanza-Lac, ardhi haitoshi kubeba makosa ya muda mrefu namna hiyo. Kila mche unaouzwa huku ungepaswa kuwa na maelezo ya asili yake, na mamlaka zinapaswa kulisimamia jambo hilo.

Mchikichi una aina tatu, dura, tenera na pisifera, na kisu ndicho kinachotoa ushahidi. Likikatwa katikati, tunda la dura huonyesha ganda nene, la milimita 2 hadi 8, lililoizunguka mise, yaani kiini cha mbegu. Tenera lina ganda jembamba, na nje ya ganda hilo kuna duara la vidoto vyeusi: hizo ni nyuzi zilizokatwa pamoja na nyama. Pisifera halina ganda kabisa. Mise yake ni ndogo na imezungukwa na nyuzi tupu. Rangi ya tunda haisaidii kuzitambua. Kuna michikichi ambayo matunda yake mabichi ni meusi na mingine yenye mabichi ya kijani, na rangi zote mbili hupatikana katika aina zote tatu.

Nyama ya nje ndiyo yenye mawese, kwa hiyo unene wa ganda ni suala la fedha. Katika dura nyama hiyo mara nyingi ni asilimia 35 hadi 55 ya uzito wa tunda. Katika tenera ni asilimia 60 hadi 95. Mikungu yenye uzito uleule, ikikamuliwa kwa mashine ileile, hutoa mafuta zaidi kwa takriban asilimia 30 ikiwa ni ya tenera. Pisifera ingeonekana kuzishinda zote kwa kukosa ganda, lakini mashuke yake ya kike kwa kawaida hunyauka kabla ya kuzaa. Mkulima aliyeipanda bila kujua hupata mti mrefu, wenye afya, usio na mikungu ya kuvuna.

Chanzo cha tofauti hizi kilifahamika ng'ambo ya ziwa, katika misitu ya Kongo. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen, wa kituo cha Yangambi kando ya Mto Kongo, walieleza kwamba ganda linatawaliwa na jeni moja. Kila mti una nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Dura ina nakala mbili za ganda nene, pisifera ina mbili za kukosa ganda, na tenera ina moja ya kila namna. Kwa hiyo tenera ni chotara. Dura ikichavushwa kwa chavua ya pisifera, watoto wote huwa tenera.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mkulima huona mti wa jirani unazaa vizuri, akaokota mbegu chini yake na kuziotesha. Tenera iliyochavushwa na tenera nyingine hutoa robo moja dura, nusu tenera na robo moja pisifera. Katika hekta moja yenye miti 143, hiyo ni takriban dura 36, tenera 71 na pisifera 36. Chavua ikitoka kwenye dura, kama inavyotarajiwa pale dura za zamani zilipo nyingi, nusu ya watoto hurudi kuwa dura. Wadudu wanaochavusha mchikichi hawaheshimu mipaka ya mashamba.

Wapo watakaosema mbegu halisi ni ghali na hutoka mbali. Ni kweli, na ndiyo sababu jukumu hili haliwezi kuachiwa mkulima peke yake. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, serikali ya Tanzania ilianza mwaka 2018 kampeni ya kufufua zao hili, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za tenera. Burundi ina taasisi yake ya utafiti wa kilimo, ISABU, na ina ofisi ya mawese hapo hapo Rumonge. Zikishirikiana zinaweza kutunza shamba la miti wazazi, dura bora na pisifera zenye chavua, na kuvipa vitalu mbegu zenye asili inayojulikana. Jeni ya ganda ilitambuliwa mwaka 2013, hivyo hata kipande cha jani la mche kinaweza kupimwa maabara kabla ya shimo kuchimbwa.

Dura nazo zisifyekwe zote. Bila mama wa dura hakuna tenera, na mise zake kubwa bado zinawafaa wanaokamua mafuta ya kutengenezea sabuni. Dura kongwe zilizostahimili kiangazi cha Juni hadi Septemba zichunguzwe na kuwekewa alama kwanza. Na kila kitalu kinachouza miche kibandike kibao chenye mambo matatu: mama ni aina gani, baba ni aina gani, na mbegu imetoka wapi. Kisichoweza kuyajibu kisiruhusiwe kuuza.