Mwenye studio, usihame katikati ya albamu

Anayerekodi muziki kwa programu ya wizi anajenga kwenye kiwanja cha mtu. Ipo Ardour, programu huria iliyoanzishwa na Paul Davis, inayorekodi na kuchanganya sauti nyingi. Kwa tangazo la duka, hata Audacity ya bure, iliyotoka mwaka 2000, inatosha.

Nasema hameni, lakini si kazi ya mteja ikiwa mkononi. Kazi iliyohifadhiwa kwa programu ya zamani kwa kawaida haifunguki kwenye mpya. Kwanza toa kila sauti kwa mfumo wa WAV: ngoma peke yake, gita peke yake, mwimbaji peke yake, zote zianzie sekunde sifuri. Ukikosea hapo, utamwita mwimbaji upya, na nauli ni yako.

Fedha ya leseni inunue maikrofoni.