Nyota ya Ukutani na Sindano za Binti



Binti mmoja wa madrasa yetu alikuja darasani na sindano zake za kufumia sweta. Tulimkemea mbele ya wenzake, tukasema kuwa huo ni mchezo wa kupoteza wakati wa elimu. Mtoto akainama, akakunja nyuzi zake. Jioni mama yake alitujia kwa adabu, akatufungulia daftari la hesabu la bintiye. Mlikuwamo nyota ya pembe nane, iliyoigwa kutoka katika picha ya kuta za Alhambra tuliyoitundika wenyewe darasani. Kila mraba wa daftari ni kitanzi kimoja cha uzi. Tuliona haya.

Tuliona haya zaidi tulipokumbuka khabari za wazee wetu. Vipande vya kale mno vya kazi hii vilivyohifadhiwa hadi leo vilitoka Misri. Na huko Burgos, Hispania, katika kaburi la Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa sindano, na pambizoni mwake limeandikwa neno la Kiarabu "baraka" kwa khati ya Kikufi. Wataalamu wanaona kuwa ni kazi ya mafundi Waislamu. Mwana wa mfalme Mkristo alizikwa na kazi ya mikono yao.

Wala si ajabu pambo la ukuta kukaa vyema katika uzi. Mwashi hupanga matofali safu juu ya safu, na mfumaji hupanga vitanzi safu juu ya safu. Lakini yataka hesabu. Binti alitueleza kuwa nyota yake ya kwanza ilitoka bapa, kwa sababu kitanzi ni kipana kuliko kimo chake. Akapima, akaona kuwa upana wa vitanzi 5 hulingana na kimo cha safu 7 hivi. Akaichora upya, ikasimama sawasawa. Na huyu ndiye tuliyemdhania kuwa anakimbia masomo!

Basi twawausia wazazi mambo mawili. Kwanza, msiwanyang'anye watoto kazi ya mikono. Wapangieni wakati wake, baada ya sala na masomo. Pili, wafundisheni adabu yake: nyota, majani na matao ni mapambo mema popote, ama Jina la Mwenyezi Mungu lisifumwe katika soksi wala katika nguo iingiayo chooni.

Nasi waalimu tujiusie pia. Tulimkemea binti hadharani, kwa hiyo tulimtaka radhi hadharani, katika darasa lile lile. Sweta ile sasa yavaliwa na mdogo wake, naye huja nayo chuoni kila asubuhi ya baridi.

Wassalaam.