Kufuli Tatu za Adumi

Kwetu Adumi, upande wa Arua, vikundi vya akiba hutunza fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama. Mama yangu akitaka mkopo haingizi mkono sandukuni. Anaomba kikaoni, kikundi kinatazama akiba yake, kinakubali au kinakataa, kisha katibu anaandika.

Nilipofika chuo kikuu nilifundishwa kupanga programu kwa klasi na vitu, kwa lugha ya Java. Tulikariri kwamba enkapsulesheni ni kuficha data ndani ya klasi. Kisha tukaagizwa, kwa kila data tuliyoificha, tuandike mbinu mbili za wazi: moja ya kuisoma, nyingine ya kuibadilisha. Klasi yangu ya Akaunti ikapata mbinu iitwayo badilishaSalio, iliyopokea nambari yoyote kutoka kwa yeyote, hata iliyo chini ya sifuri. Nikapewa alama zote.

Nasema huko si kuficha. Ni kununua kufuli tatu na kumgawia kila mpita njia funguo zake. Akaunti ya kweli haihitaji badilishaSalio. Inahitaji weka na toa, na kila moja ikatae ombi lisilofuata kanuni. Mwaka 1972 David Parnas alikwisha kueleza kwamba kila sehemu ya programu ifiche uamuzi unaoweza kubadilika, ili sehemu nyingine zisiutegemee. Kinachofichwa ni uamuzi, si nambari tu.

Wapo watakaonijibu kuwa baadhi ya zana za Java hudai mbinu hizo mbili. Ni kweli. Lakini matakwa ya zana yasigeuzwe kuwa maana ya somo.

Wahadhiri wetu, msitutahini fasili tu. Tupeni sanduku, kisha mtuulize: nani anaruhusiwa kufanya nini, na akikiuka atazuiwa na nini? Nanyi wenzangu, msikubali kuambiwa kwamba wa kijijini hana msingi wa somo hili. Kesho sisi ndio tutakaoandika programu za kutunza akiba za mama zetu. Mwanachama wa Adumi asiyejua kusoma anafahamu kwa nini sanduku lina kufuli tatu. Mhitimu wa kompyuta asiyefahamu hilo asikabidhiwe sanduku.