Tuingie Chumba cha Gemu: Wito kwa Wakaaji wa Fizi na Baraka

Wababa na wamama wa Baraka, Mboko, Fizi, Lulimba na Kazimia. Walimu, wachungaji, mashehe na mashefu wa kartie. Nanyi vijana wenye vyumba vya gemu: wito huu ni wenu. Unahusu jambo tunalolipita njiani kila jioni bila kusimama. Nyuma ya pazia zito jenereta inanguruma, televisheni inawaka, na watoto wamebanana kwenye benchi wakimtazama mwenzao akikimbizwa na wafu wanaotembea. Nyumbani nako ipo simu. Gemu ya kutisha inarushwa kwa programu ya Xender kutoka simu moja hadi nyingine, haidai intaneti wala vocha, na mtoto anaicheza chini ya shuka wakati baba yuko ziwani na taa za kuvulia ndagala.

Ombi letu ni moja: mtoto asiachwe peke yake na hofu. Hatutaki vyumba vifungwe wala simu zivunjwe. Tunaomba mtu mzima aingie, akae, aulize.

Tuanze kwa kukubali kwamba kutishana ni kwetu tangu zamani. Wazee wa Kibembe walikuwa na alunga, kinyago kikubwa chenye umbo la kengele, nyuso mbili zinazotazama huku na huku, na macho makubwa ya duara, kikivaliwa pamoja na vazi la nyuzi. Leo vinyago hivyo vinaoneshwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kama sanaa, lakini vilipokuwa hapa vilikuwa na kazi: kusimamia nidhamu ya kijiji, ngoma za hadhara, uwindaji na heshima ya wahenga. Alunga hakutoka ovyo. Alikuwa na chama chake, mvaaji wake na wakati wake, na waliomtoa ndio waliojua kumrudisha. Hadithi za zimwi nazo zilikuwa hivyo hivyo. Zilisimuliwa kando ya moto na bibi aliyeona ni mtoto yupi ameanza kutetemeka, na aliyehakikisha zimwi limekufa kabla watoto hawajakwenda kulala. Hofu ilikuwa na mwenyewe.

Hofu ya leo haina mwenyewe. Waliotengeneza gemu hizi wako mbali, na wao wenyewe wanajua kwamba si za kila umri. Huko Ulaya, tangu 2003, kasha la gemu hubandikwa namba ya umri ya PEGI: 3, 7, 12, 16 au 18. Namba hiyo haifiki Baraka. Diski iliyonakiliwa huuzwa bila kasha, na gemu iliyorushwa kwa simu haina karatasi yoyote. Hivyo Resident Evil 5 au GTA San Andreas, ambazo Ulaya zimepewa namba 18, huku kwetu zinaweza kuangukia mikononi mwa mtoto wa miaka tisa, na mwenye chumba akawa hana hata habari.

Tutazame gemu moja kwa karibu. Granny ilitoka 2017 na imeenea sana kwenye simu. Mchezaji amefungiwa ndani ya nyumba ya bibi kizee mwenye rungu, ambaye husikia kila kinachodondoka sakafuni. Ana siku 5 za kutoroka. Imetengenezwa kwa ustadi, na kijana wa miaka 17 anaweza kuicheza, akaruka kwa woga, akacheka na kwenda zake. Lakini tukumbuke inachezwa wapi. Katika jimbo letu la Kivu Kusini wamama wazee wamepigwa, wamefukuzwa, na wengine wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto aliyekaa wiki nzima akimkimbia bibi mwenye rungu anahitaji kusikia kutoka kinywani mwa mama yake kwamba bibi jirani, anayetembea kwa fimbo na kusemasema peke yake, ni mzee aliyechoka, na kwamba heshima yake iko palepale.

Kuna hatari nyingine inayomgeukia mtoto mwenyewe. Anaota, anapiga kelele usiku, anasema ameona mtu mlangoni. Jirani anasema amerogwa, mwingine anasema yeye ndiye anayeroga, na kesho yake anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula na kulazimishwa kukiri. Wapendwa, Katiba ya nchi yetu ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Kabla ya kumtafuta mchawi, muulizeni mtoto swali jepesi: jana ulicheza nini? Mara nyingi jibu lake litamwokoa.

Sisi wa Fizi tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Mauaji ya raia yaliyotokea Makobola mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999 hayajasahaulika. Familia nyingi zilivuka ziwa tangu 1996 kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na vijana waliozaliwa kambini wamerudi kwenye ardhi waliyokuwa wakisimuliwa tu. Tangu 2015 jirani zetu Warundi wako katika kambi ya Lusenda nao wakiwa wamekimbia. Kwenye benchi la chumba cha gemu anaweza kuketi kijana aliyekuwa kadogo, askari mtoto aliyeshika bunduki ya kweli kabla ya kushika kifimbo cha PlayStation. Pembeni yake ameketi binti aliyejificha porini na mdogo wake. Mlio uleule wa risasi kwa mmoja ni burudani, na kwa mwingine unamrudisha usiku anaotaka kuusahau. Hatusemi kila aliyepitia vita ataumizwa na gemu. Wapo wanaopata humo pumziko na marafiki. Tunachosema ni kwamba haiwezekani kujua bila kukaa naye. Mtoto asiyelala, anayekojoa kitandani upya, anayeshtuka mlango ukigongwa au aliyenyamaza ghafla apelekwe kituo cha afya. Asikaripiwe.

Na gemu hizi zinatujua kuliko tunavyodhani. Resident Evil 5, iliyotolewa na Capcom mwezi Machi 2009, inatokea katika mji wa kubuni wa Kiafrika uitwao Kijuju. Wakaaji wake wameambukizwa kitu kinachowageuza kuwa wauaji, wanaitwa Majini, na kelele wanazopiga wakikimbilia kuua ni za Kiswahili. Mchezaji anashika silaha ya Chris Redfield, Mmarekani aliyetumwa huko, na kuwafyatulia risasi. Filamu fupi ya kuitangaza ilipotoka 2007, watu wengi duniani walilalamika kuona mzungu akiua Waafrika maskini kijijini mwao. Wenye gemu walimweka pembeni ya Chris mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar, na biashara ikaendelea. Mwaka mmoja kabla ya Resident Evil 5, gemu ya Far Cry 2 ilitupa nchi ya Kiafrika isiyo na jina, makundi mawili yenye silaha na mamluki wa kutoka nje. Basi mtoto wa Baraka anayecheza Resident Evil 5 anajikuta upande wa mgeni, akimpiga risasi mtu anayesema lugha ya mama yake. Anaweza kucheza na bado akalitambua hilo, mradi awepo mtu wa kumwonesha.

Hata mashine zina historia na ardhi yetu. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000. Mwaka huohuo bei ya tantalamu, madini yatokanayo na koltani, ilipanda ghafla kwa sababu viwanda vya simu, kompyuta na mashine za gemu viliihitaji, na majeshi na makundi yaliyokuwa yakipigana Kivu yalifaidika nayo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliliandika jambo hilo mwaka 2001. Tunawakumbusha vijana ili wajue kwamba jasho la wachimbaji wetu limo ndani ya dunia hiyo ya gemu, na kwa hiyo wana haki ya kuihoji.

Upande mwingine wa giza ni fedha. Gemu nyingi za simu ni za bure mlangoni, kisha ndani zinauza masanduku ya bahati ambayo mnunuzi hajui yana nini. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba baadhi yake ni kamari isiyo halali. Kwenye benchi kamari ni ya wazi zaidi: mchezo wa mpira unawekewa dau, na faranga za daftari zinaishia mfukoni mwa mkubwa. Mwenye intaneti naye hukutana na asiyemjua, anayemwomba picha kwa ahadi ya zawadi. Na wasichana wetu wako wapi? Wachache wanaothubutu kuingia hufukuzwa kwa matusi. Ni ugonjwa wa dunia nzima. Mwaka 2014 huko Marekani wanawake watengenezaji wa gemu walitishiwa kuuawa hadi baadhi yao wakahama nyumba zao. Tusiuache uote mizizi hapa.

Basi tufanye nini?

Wenye vyumba, ninyi si maadui. Mmefungua biashara mahali penye umeme haba na kazi haba, na mmewapa vijana pa kukaa. Tunawaomba mambo manne. Andikeni ukutani gemu zipi ni za wakubwa, na zichezwe baada ya watoto kuondoka. Msipokee mwanafunzi saa za masomo. Katazeni dau. Tengeni saa za wasichana, na matusi yawe sababu ya kutolewa nje.

Wazazi, msianze na fimbo. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya gemu ataendelea kucheza, ila hatawaambia tena kinachomtisha. Jueni pia kwamba si kila apendaye gemu ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linazungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia na kuacha shughuli nyingine za maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Simu ilale kwa wazazi usiku; hilo peke yake litapunguza ndoto mbaya nyingi.

Walimu, wapeni wanafunzi insha ya kueleza gemu inayowatisha na sababu yake. Mtajifunza mengi. Wachungaji na mashehe, mtoto mwenye ndoto akiletwa kwenu, mwombeeni na mmlinde na vidole vya watu. Mashefu wa kartie na wa vijiji katika sekta za Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, iteni kikao cha wazazi na wenye vyumba. Barza zetu zimezungumza mambo mazito kuliko haya. Redio zetu za jamii zinaweza kutoa saa moja kwa wiki vijana waseme wenyewe.

Nanyi vijana, tunawaomba kitu kikubwa zaidi ya kupunguza saa. Huko Yaoundé, Kamerun, Olivier Madiba na wenzake walifungua Kiro'o Games mwaka 2013, na mwaka 2016 wakatoa Aurion, gemu iliyojengwa juu ya hekaya za Kiafrika. Walianza katika nchi yenye umeme wa kukatikakatika kama wetu. Kaeni na wazee, waulizeni ni yapi yanayoruhusiwa kusimuliwa, muyaandike, muyachore. Gemu ya kutisha iliyobuniwa na mtoto wa Fizi itajua zimwi linakufaje mwishoni, na Kiswahili ndani yake kitasemwa pia na yule anayeokoa kijiji.

Tujiwekee lengo tunaloweza kulipima. Shule zitakapofunguliwa Septemba, kila chumba cha gemu kuanzia Mboko hadi Kazimia kiwe na karatasi ukutani yenye mambo matatu: saa za watoto, gemu za wakubwa, na jina la mtu mzima wa kartie ambaye mtoto aliyeogopa anaweza kumwendea. Anayekubali jina lake liandikwe pale ajitokeze kwa shefu wake wiki hii.